Vichochoroni au Ukumbini: Kamera Ipi Uinunue Unguja?

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Unguja huniuliza jambo moja kila tukikutana: "Kaka, nichukue Sony au Fuji?" Nami huwarudishia swali: riziki yako utaitafuta wapi, vichochoroni au ukumbini? Wengi hawalipendi jibu hilo. Wameshatazama video chungu nzima za watu wa Ulaya na Marekani wakishindanisha namba, na wanachotaka ni kutajiwa mshindi. Mshindi yupo, lakini hubadilika ukishatoka vichochoro vya Gizenga ukaingia kwenye ukumbi wa harusi.

Nitazungumzia kamera mbili tu, kwa sababu ndizo zinazowakosesha usingizi watu wengi wenye fedha za kununua kifaa kimoja cha kweli. Ya kwanza ni Fujifilm X-T5, iliyotoka Novemba 2022. Ina sensa ya APS-C yenye megapikseli 40, na uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 557. Ya pili ni Sony A7 IV ya Oktoba 2021, yenye sensa kubwa ya fremu kamili na megapikseli 33, uzito gramu 658. Zilipotoka, Fuji iliuzwa takriban dola 1,700 na Sony takriban dola 2,500, bila lenzi. Bei zimebadilika tangu hapo, na zilizotumika zinapatikana, lakini pengo baina yao bado ni la kuhesabu.

Zote ni kamera zisizo na kioo. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani kinachopinduka kila unapobonyeza. Hizi hupokea mwanga moja kwa moja kwenye sensa, na ukichungulia unaona kiskrini kidogo kinachokuonyesha picha itakavyotoka. Kwa mji kama wetu, wenye jua kali na kivuli kizito vimegusana, faida hiyo pekee inatosha kumshawishi mtu aiache kamera yake ya kioo.

Tuanze na Mji Mkongwe. Watu husema vichochoro vya Hurumzi na Mkunazini vina giza, kwa hiyo vinahitaji sensa kubwa. Sikubaliani nao. Shida ya kichochoro ni tofauti ya mwanga zaidi kuliko giza lenyewe. Juu, ukuta wa mawe na chokaa umepigwa na jua mpaka unaumiza macho. Chini, kwenye baraza, mzee amekaa kivulini na kikombe chake cha kahawa. Ukipima mwanga wa uso wa mzee, ukuta unaungua na kuwa karatasi nyeupe. Ukipima wa ukuta, mzee anapotea. Dawa yake ni kupiga kwa faili za RAW, kuulinda mwanga wa juu usiungue, halafu kukinyanyua kivuli nyumbani kwenye kompyuta. Sensa ya Sony ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya Fuji, na kivuli chake kikinyanyuliwa hutoka kisafi zaidi, kwa stopu moja hivi, yaani kama umeongezewa mwanga mara mbili. Asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, jua likigonga kuta za juu na mwanga ukarudi chini kwa upole, stopu hiyo moja hutaihitaji. Adhuhuri utaihitaji, lakini adhuhuri ya Unguja ni bora uende ukale. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua husimama utosini kabisa. Hakuna kamera inayoweza kuupendezesha uso uliopigwa na jua la namna hiyo.

Kinachohitajika vichochoroni ni wepesi na ukimya, na hapo Fuji inaniridhisha zaidi. Juu yake kuna magurudumu ya ISO na ya kasi ya shata, na lenzi zake nyingi zina pete ya kufungua na kufunga tundu. Unaitazama kamera ikiwa imezimwa na tayari unajua imewekwaje. Chukua lenzi ya XF 23mm f/2 yenye gramu 180 tu, ambayo kwenye sensa hiyo huona kama 35mm ya fremu kamili. Funga tundu hadi f/8, zima fokasi ya moja kwa moja, weka fokasi mita 3. Kuanzia mita moja na nusu hadi mita thelathini hivi kila kitu kitakuwa kikali cha kutosha, na Mji Mkongwe hauna vichochoro vingi vilivyonyooka mita thelathini. Hapo huna tena cha kurekebisha. Mtoto akitokea konani na gurudumu lake, wewe unabonyeza tu. Skrini ya Fuji huinuka kwa juu bila kwanza kufunguliwa ubavuni, kwa hiyo unaweza kuishika kamera usawa wa kitovu ukachungulia kwa kuinamisha macho, na watu hawaoni mtu aliyejificha nyuma ya kifaa.

Nisieleweke vibaya: kamera ndogo si ruhusa ya kumwibia mtu picha yake. Toa salamu, kaa, zungumza, halafu uombe. Mwenye buibui akigeuza uso, amekwisha kukujibu. Msikitini, skuli na uani kwa watu hakuingiwi na kamera bila mwenyewe kukuita, na bandarini, polisi na kambini usiitoe kabisa.

Kama unayo nafasi, kabla ya kununua chochote zitazame picha nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio ya Shangani, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit. Tazama mwanga unaingia kutoka upande gani, na mtu amesimamishwa wapi. Zilipigwa kwa mitambo ambayo leo ungeona tabu hata kuibeba, na haikuwa na fokasi ya kutafuta jicho wala megapikseli. Ukivutiwa na picha za aina hiyo, Fuji ina rangi zake za ndani, mojawapo ikiitwa Acros, inayotoa nyeusi na nyeupe nzuri bila kugusa kompyuta. Sony pia hutoa nyeusi na nyeupe, lakini kwa ladha yangu ile ya Fuji imepikwa ikaiva.

Sasa tembea mpaka Forodhani, saa kumi na moja na nusu jioni. Bustani ile, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture, inatazama magharibi, na vijana hukimbia wakajirusha baharini kutoka ukutani huku jua likizama nyuma yao. Hakuna mtihani wa fokasi mzuri kuliko huo katika kisiwa kizima. Kijana anakuja mbio kuelekea ukingoni, anaruka, anajikunja hewani, na nyuma yake kuna jua, mashua na kichwa cha mtalii. Weka kasi ya shata 1/1000 au zaidi. Fuji inapiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida na Sony 10, kwa hiyo kwenye karatasi Fuji inashinda. Lakini nafasi ya ndani ya Fuji hujaa upesi kwa faili zile nzito, na fokasi yake huwa na tabia ya kuponyoka ikaenda kwenye mashua. Sony ikishamshika kijana haimwachi mpaka miguu inazama. Mimi nachukua picha kumi ambazo nane ni kali kuliko kumi na tano ambazo saba zimeshika tanga la mashua. Vijana wale wamezoea kupigwa picha na wengine hutarajia kitu kidogo. Waulize kabla hawajaruka, isije ikawa ugomvi baadaye.

Usiku, moshi wa mishikaki ukipanda na taa za vibanda zikiwaka, utasikia sifa za kitulizo cha ndani cha Fuji kinachodaiwa kufika stopu 7, dhidi ya 5.5 za Sony. Ni kweli, na kwa picha ya Ngome Kongwe iliyosimama hapo tangu enzi za Waomani kinasaidia sana. Lakini kitulizo hutuliza mkono wako wewe. Mkono wa muuza urojo hakiutulizi. Akimimina, atatoka ukungu mtupu usipopandisha kasi ya shata, na ukiipandisha utahitaji ISO kubwa au lenzi yenye tundu kubwa. Hapo tumeshaingia kwenye kazi za gizani, na mama wa kazi za gizani kwetu ni harusi.

Harusi ya Unguja ni shughuli mbili au tatu zenye mwanga tofauti. Ndoa hufungwa msikitini, chini ya taa za mirija au balbu za LED. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe na joho, na kila aliyemzunguka amevaa kanzu nyeupe. Kamera yoyote, iwe ya dola 500 au 5,000, ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Matokeo yake kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zetu nyeusi zinapotea. Ongeza theluthi mbili za stopu, au stopu nzima, uso ndio uwe kipimo chako. Ukihamia kwenye kundi la wanawake wenye mabuibui, kinyume chake hutokea: kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, na nyuso zinapauka. Zote mbili zina gurudumu la kurekebisha hilo karibu na dole gumba. Jizoeze kulizungusha bila kuliangalia. Somo hili dogo limeokoa harusi nyingi kuliko megapikseli.

Msikitini utashawishika kutumia shata ya kielektroniki, kwa kuwa haitoi sauti hata kidogo. Tahadhari. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na sensa za kamera hizi zote mbili husoma picha mstari kwa mstari, polepole. Ukiweka 1/250 utaona mistari ya giza imeikata picha kama kanga iliyopigwa pasi vibaya. Kaa kwenye 1/50 au 1/100, au rudi kwenye shata ya kawaida na uwashe kipengele cha kuzuia mpepeso. Mlio wa shata za siku hizi ni mdogo. Shekhe hatakatisha hotuba kwa ajili yake.

Kisha jioni, ukumbini. Shughuli ya wanawake ina wapiga picha wanawake, na wakati mwingine simu huzuiwa mlangoni. Dada zangu mnaoingia kwenye kazi hii, soko lenu ni kubwa na wenye ujuzi hawatoshi, kwa hiyo nawaambia bila kuzunguka: chukueni Sony. Ukumbi una taa za rangi zinazozunguka, bi harusi anatembea taratibu, watoto wanapita mbele ya lenzi, na huna nafasi ya kumwambia arudi mlangoni aanze tena. Sony hulishika jicho la mtu gizani kwa uhakika ambao Fuji hii haijaufikia. ISO 6400 kwenye sensa kubwa bado inampa bi harusi ngozi yake. Kwenye Fuji, pikseli milioni 40 zimebanwa kwenye sensa ndogo, na hapo chenga huanza kuonekana, hasa kwenye ngozi nyeusi iliyo nusu kivulini. Lenzi ya FE 85mm f/1.8 ina gramu 371 tu na si ya bei ya kutisha. Ukiwa nayo pamoja na 35mm f/1.8 umemaliza ukumbi wote. Kama pia unapiga video, skrini ya Sony hufunguka ubavuni ikageuka kila upande, na fokasi yake kwenye video ndiyo iliyowafanya wengi waihame kampuni waliyoizoea.

Jambo la kadi nalisisitiza. Kamera hizi zote zina nafasi mbili za kadi. Iweke kamera iandike picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, maana kadi hufa bila kuaga na harusi hairudiwi. Picha za ukumbi wa wanawake ni amana. Ukishamkabidhi mwenye shughuli, kubalianeni nani anabaki na nakala na mpaka lini, kisha ufute mbele yake kama ndivyo mlivyokubaliana. Usiweke hata picha moja ya kujitangaza bila ruhusa ya kila anayeonekana. Mpiga picha mmoja mzembe huwafungia milango wenzake wote.

Pwani ya mashariki ina masharti yake. Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kina mama wanakuwa mbali sana ndani, wakifunga mwani kwenye kamba. Utatembea kwenye matope na mawe kuwafikia, na gramu utazihisi. Fuji na lenzi moja ndogo ndiyo ya safari hiyo. Ongeza chujio cha kukata mng'ao wa maji, maana saa hizo bahari inawaka kama bati jipya na bila chujio huoni mwani wala rangi ya maji. Kina mama wale wamepigwa picha na nusu ya dunia bila kupata chochote. Uliza kwanza, na wakiwa na sabuni ya mwani ya kuuza, nunua.

Kamera zote mbili zimezibwa dhidi ya manyunyu na vumbi, mradi na lenzi iwe imezibwa. Kwa Fuji tafuta herufi WR kwenye jina la lenzi. Lakini kustahimili manyunyu si kustahimili bahari. Chumvi ya kusi inaingia kila mahali. Ukirudi nyumbani, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kikavu. Usibadilishe lenzi ufukweni. Mchanga wetu ni laini kama unga na ukishaingia kwenye sensa utaujua kila unapopiga anga. Usiitoe kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka nje papo hapo, kwani lenzi itajaa umande ndani ya sekunde. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Na wakati wa masika usiifungie kabatini kwenye mfuko wa ngozi. Ukungu huota ndani ya lenzi, na ukishaota fundi atakwambia ununue nyingine. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya kunyonya unyevu hugharimu kidogo sana ukilinganisha na lenzi yoyote.

Kwa wanyama nitasema machache. Kima punju wa Jozani hawaogopi watu, kwa hiyo huhitaji lenzi ndefu kama ya Serengeti. 70-300mm ya Fuji yenye gramu 580 inatosha na kuzidi, na kwa sensa yake inaona mpaka kama 450mm. Usiwasogelee wala usiwape chakula. Sony kwa kazi kama hiyo itakutaka ubebe lenzi kubwa zaidi, na ile ya 200-600mm ina kilo mbili na ushei. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, watu wanapopigana kwa migomba na kibanda kinapowashwa moto, ningechukua Sony kwa fokasi yake, na ningesimama upande ambao upepo hauleti moshi.

Betri zinakaribiana: kwa kipimo cha viwandani, picha 580 kwa kila moja ukitumia skrini ya nyuma, na kwa Sony 520 ukichungulia. Zote huchajiwa kwa waya wa USB-C, hata kwa benki ya umeme ya simu. Anayekumbuka miezi mitatu ya giza kisiwani, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuelezwa kwa nini hilo ni muhimu.

Kuhusu fedha, kosa ninaloliona kila siku ni mtu kumaliza akiba yote kwenye kamera, halafu akaifungia lenzi ya bei poa iliyokuja nayo. Lenzi yenye tundu la f/1.8 kwenye kamera iliyotumika itakupa picha bora za ukumbini kuliko kamera mpya yenye lenzi inayoanzia f/5.6. Tofauti ya hizo mbili ni zaidi ya stopu tatu, yaani mwanga karibu mara kumi, na hakuna sensa inayoweza kuifidia. Ulizia pia wenzako wa karibu wanatumia nini. Siku lenzi yako itakapoanguka asubuhi ya harusi, wa kukuazima ni jirani mwenye mlango wa lenzi kama wako, na ukiwa na Fuji peke yako mtaa mzima utakuwa na kazi ya kueleza kwa nini picha hazikupigwa.

Hukumu yangu ndiyo hii. Mwenye kulipwa kwa harusi, mikutano na video, anunue A7 IV, hata kama ni ya mkono wa pili, na ahesabu 85mm kuwa sehemu ya bei. Mwenye kupiga mitaa, safari, vitabu, picha za kuuzia wageni, au anayepiga kwa mapenzi tu, anunue X-T5 na 23mm, na chenji itakayobaki ailipie nauli za Nungwi na Kizimkazi. Anayetaka kufanya yote kwa kamera moja achague ile ya kazi inayomlipa kodi ya nyumba. Na kabla hujatoa pesa, azima au kodi kamera unayoitaka kwa siku moja: asubuhi ipitishe Hurumzi, jioni ipeleke Forodhani, usiku iingize kwenye shughuli ya ndugu yako. Picha zitakazotoka siku hiyo ndizo za kufuata, si maneno yangu wala ya muuzaji.